Mahindi ya Juu ya Mafiga

Mashine ya kusaga iliyo karibu na nyumbani kwangu, hapa Masuguru, huanza kunguruma asubuhi kabla sijamaliza chai. Nimeizoea. Siku nyingi napita pale na kapu langu bila hata kugeuza shingo, maana harufu ya dizeli na unga wa moto haina jipya kwangu. Lakini juma lililopita nilisimama ghafla mlangoni. Nilisikia harufu ya mahindi yaliyokaa moshini muda mrefu. Si harufu ya kuungua. Ni ya masizi, ya paa la jikoni, ya kanga za mama. Mwenye mahindi alikuwa binti mmoja aliyetoka Makuyuni, mtoto mgongoni, na ndoo yake ilipokuwa ikimiminwa mashineni niliona punje nyekundu zimechanganyika na nyeupe.

Nikafoka. Mtu mzima mimi, mwenye wajukuu, nikamfokea mtoto wa watu mbele ya foleni nzima. "Wewe binti! Hiyo ni mbegu! Nani kakutuma usage mbegu?" Watu wakatazamana, na mmoja akanong'ona kwamba bibi wa watu labda hajala dawa zake. Sikuwa na ugonjwa wowote. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya zamani, ambayo nimeitunza kuliko wengine wanavyotunza mapambo. Ngoja niwasimulie ilikotoka, halafu mnihukumu.

Nilikulia Handeni, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye maboma yetu ya zamani na kupangwa kwa mistari, nyumba mkabala na nyumba, ili shule na zahanati vitufikie. Shule ilitufikia. Zahanati tuliambiwa iko njiani. Baba alikuwa akikata mkonge kwenye shamba moja kubwa upande wa Korogwe, akija nyumbani kwa nadra, kwa hiyo aliyebomoa nyumba ya zamani na kujenga mpya alikuwa mama. Kutoka kule alibeba kinu, vyungu, kitanda cha kamba, sisi watoto, na mbegu yake ya mahindi.

Mbegu ile alipewa na bibi yangu siku aliyoolewa. Kwetu binti hakutoka kwao na vyombo tu. Mama yake alimfungia na mbegu kwenye pindo la kanga, ili huko aendako asianze kwa kuomba. Yalikuwa mahindi mafupi, yenye punje nyekundu na nyeupe kwenye gunzi moja, na sifa yake kubwa ni kwamba yaliwahi kukomaa. Handeni mvua ina maringo. Inaweza kuja, ikanyesha kidogo, ikaaga. Mahindi ya watu wengine yalibaki yamesimama shambani yakiingoja irudi, wakati yale ya mama yalikuwa tayari yamebeba.

Kila mavuno mama alichagua magunzi bora, akayaacha na maganda yake, akayafunga mafungu mafungu na kuyaning'iniza jikoni, kwenye uchaga wa miti ulio juu ya mafiga. Moshi wa kila siku ndio uliofukuza fukusi. Yakawa meusi kwa nje, meusi kabisa, na mgeni angeweza kudhani ni takataka zilizosahauliwa. Ndani ya ganda punje zilikuwa safi, ila zimenukia moshi. Hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kuyagusa. Tulilala na njaa chini yake, tukiyatazama, na haikutujia kwamba ni chakula. Ilikuwa kama kutazama nguzo za nyumba.

Mwaka ninaousema vuli ilikuwa imekataa. Kufikia miezi ya kungojea masika, tulikuwa tunakula bada, yaani ugali wa muhogo, na mlenda, na muhogo nao ulikuwa unakwisha. Unga wa njano wa msaada, tuliouita yanga, ulikuja mara moja na kugawanywa vikombe vikombe. Ndani ya njaa hiyo ndipo mwenyekiti wa kijiji alipotangaza mkutanoni kwamba tunapata wageni.

Walikuwa Wazungu wawili, mtu na mkewe, kutoka nchi moja ya baridi huko Ulaya iliyokuwa ikiisaidia serikali yetu. Mwenyekiti alisema hawaji kutoa msaada wala kukagua. Wanakuja kuishi. Wanataka kulala tunapolala, kula tunachokula na kuteka maji tunapoteka, waone maisha ya kawaida ya mwanaujamaa. Mzee mmoja nyuma aliuliza kama huko kwao hawana maisha. Watu wakacheka, mwenyekiti akanuna, na mkutano ukafungwa.

Nyumba iliyochaguliwa ikawa yetu, kwa sababu ilikuwa mpya na mwenye nyumba, yaani baba, hakuwepo kubisha. Mama hakuulizwa. Aliambiwa. Tukahamia kwa shangazi yangu, nyumba ya pili, tukabanana sakafuni, na kitanda cha kamba kikabaki kwa wageni.

Siku walipofika, mama alikuwa na ombi moja tu. Alimwongoza yule mwanamke wa Kizungu hadi jikoni, akamwonyesha mafiga, akamwonyesha uchaga juu, akasema kwa Kizigua, na mwenyekiti ndiye aliyekuwa mkalimani: "Mwambie moto usizimike hapa. Awashe kila siku, hata kama hapiki. Ile juu ni mbegu yangu, ndiyo nitakayopanda mvua ikianza." Maneno mengi, nayasikia mpaka leo. Mwenyekiti, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kifupi kuliko suruali yake, alitabasamu na kusema neno moja au mawili. Yule mwanamke naye akatabasamu, akamshika mama mkono. Sisi tukaamini ujumbe umefika.

Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe. Huyu hakuwa na mtoto, majirani wakakosa pa kumshika, mwishowe wakamwita Mama Mgeni, na mumewe Baba Mgeni. Sitawasingizia, hawakuwa watu wabaya. Baba Mgeni alikuwa mrefu, mwenye ndevu, mwenye kuuliza. Kwa nini mnapanda hapa na si pale? Kwa nini mbuzi wanalala ndani? Ukimjibu alitikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba jibu lako limemthibitishia jambo. Mama Mgeni alikuwa mkunjufu. Alijifunza kujitwika ndoo, akaenda lamboni na akina mama, na aliporudi, maji nusu yamemwagikia mgongoni, kijiji kizima kilimpigia makofi na vigelegele. Nilisimama pale nikamtazama mama yangu, aliyekuwa nyuma yake na ndoo iliyojaa pomoni, bila tone kwenye kanga. Sikuwahi kumwona mtu anampigia mama makofi.

Hasira yangu ya kwanza ilianzia hapo. Ya pili ilikuja siku ya ugali.

Siku hiyo watu wazima walikuwa shamba la kijiji, na sisi wanafunzi tulikuwa shamba la shule, tukipalilia pamba isiyokuwepo. Baba Mgeni alisema miguu inamuuma, kwa hiyo wakabaki nyumbani wote wawili. Tuliporudi mchana, jua limesimama, Mama Mgeni alikuwa mlangoni kwetu na shuka limefungwa kiunoni, uso mwekundu, viganja vimetoka malengelenge, akituita watoto wote wa mstari ule kwa Kiswahili chake cha darasani. "Karibuni! Karibuni chakula! Leo mimi napika!"

Mwe, jamani, chakula! Tulikimbia. Ugali ulikuwa kwenye sinia, umejaa chenga, nusu ugali nusu kande, maana alitwanga mwenyewe na mumewe akamsaidia kupepeta kwa kupuliza. Wenzangu walinawa haraka haraka wakaanza kula. Mimi nilimega tonge langu, nikalipeleka mdomoni, na kabla sijalitafuna ile harufu ikanipanda puani. Masizi. Paa la jikoni. Kanga za mama.

Nilikuwa bado nimelishika tonge mkononi mama alipofika na jembe begani. Hakutazama sinia kwanza. Alitazama nyuma ya jiko, ambako maganda meusi yalikuwa yamelundikwa vizuri, tayari kuchomwa. Aliinama, akaokota moja, akaligeuza. Kisha akaingia jikoni. Alikaa humo kitambo kidogo, na mimi nilijua anatazama juu. Alipotoka, aliegemeza jembe ukutani taratibu, akanawa, akaja kukaa mkekani kati yangu na mdogo wangu.

Nilifungua mdomo. "Mama, hii si ndiyo..."

"Kula, Mwanahawa," alisema.

"Lakini mama, hii ni mbe..."

"Nimesema kula."

Akamega tonge, akala. Akamega jingine, akamlisha mdogo wangu. Machozi yalikuwa yanamtoka, hayana sauti, yanafuata mashavu mpaka kidevuni, na taya lake linaendelea kutafuna. Mama Mgeni aliyaona. Mnajua alifanya nini? Alilia na yeye. Alipiga magoti, akamkumbatia mama, akafikiri analia kwa furaha.

Jioni yake Baba Mgeni alimwita mwenyekiti, na mwenyekiti akatuita sisi. Hapo ndipo nilipoelewa walichokuwa wamefikiri. Baba Mgeni alieleza, kwa upole kabisa, kwamba mkewe hakuweza kuvumilia kuona watoto wanalala na njaa ilhali kuna mahindi yanaharibika kwa masizi darini. Akasema anafahamu kwamba ni mazoea. Lakini chakula hakiwekwi moshini. Chakula huwekwa ghalani, mahali pakavu na pasafi. Akachora ghala ardhini kwa kijiti. Akamwonyesha mama mlango, akamwonyesha matundu ya hewa. Alimfundisha mama yangu kuhifadhi mahindi! Na mwenyekiti, mtoto wa Kizigua, aliyezaliwa jikoni chini ya uchaga kama sisi sote, alikuwa anatingisha kichwa na kusema ndiyo, ndiyo kabisa. Mpaka leo sijui ni nani alinichukiza zaidi, asiyejua aliyefundisha au aliyejua akaitikia.

Mama aliwashukuru. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida, kama anaweza kupata ruhusa ya kukosa shamba la kijiji aende Mnyuzi kwa dada yake. Mwenyekiti akasema hapana, wageni wakiondoka ndipo watu waanze safari, itaonekanaje? Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa upande wa milima ya Usambara. Kesho yake alfajiri mama alinishika mkono tukaondoka bila ruhusa.

Tulitembea mpaka barabarani, tukapata lori lililotufikisha Korogwe, na kutoka hapo tukapanda treni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda treni, na sikuifurahia hata kidogo. Nilikuwa na maswali yananichoma. Kwa nini hakumwambia? Anawaogopa Wazungu? Nilimwonea aibu mama yangu ndani ya lile behewa, nikajigeuza kutazama nje, mashamba ya mkonge yakipita mstari baada ya mstari.

Mama mkubwa alikuwa ameolewa Mnyuzi kwenye ukoo wa wakata mkonge waliotoka mbali, na alikuwa mtu wa kelele na vicheko. "Mwe! Mdogo wangu! Nani kafa?" Hakufa mtu. Waliamkiana, wakaulizana hali, na mama hakutaja shida yake, kwa sababu kwetu mbegu haiombwi kwa mdomo. Aliingia jikoni kwa dada yake, akaketi chini kabisa ya uchaga, akatandaza pindo la kanga magotini. Basi. Mama mkubwa alisimama mlangoni akaacha kucheka.

"Nyumba imeungua?"

"Haijaungua."

"Sasa?"

"Nina wageni."

"Wageni wamekula mbegu?"

"Wamewapa watoto," mama akasema.

Mama mkubwa alinitazama mimi, akamtazama tena mdogo wake. Nilitegemea alipuke, maana huyo hakuwa na breki za mdomo. Badala yake alivuta kigoda, akapanda, akashusha mafungu yake yaliyotoka kwa bibi yule yule, akagawa katikati. Hakuchagua mazuri akabaki nayo. Aligawa tu, hili lako, hili langu, mpaka yakaisha.

Mvua ilitukuta siku chache baada ya kurudi. Mwenyekiti alitaka kufoka kuhusu ruhusa, lakini mvua ikinyesha Handeni hakuna mtu mwenye muda wa kufokewa. Kila mtu alikuwa shambani. Na Mama Mgeni naye akaja, na jembe jipya, miguu peku, akisema anataka kupanda pamoja nasi. Kupanda ni kazi ya wawili: mmoja anatangulia kuchimba mashimo, mwingine anafuata, anadondosha punje na kufukia kwa mguu. Mama Mgeni alinyoosha kiganja apewe mbegu. Alikuwa anatabasamu.

Mama alisita. Akatoa punje kwenye pindo la kanga, chache tu, akazimimina kwenye kile kiganja. Nyekundu na nyeupe. Mama Mgeni alizitazama, na tabasamu likaanza kulegea. Alikipandisha kiganja puani, akanusa. Aliinua macho kwa mama, na mama akamtazama bila kukwepa, mvua ikiwalowesha wote wawili. Nikaona uso wa yule mwanamke unabadilika rangi mpaka masikioni. Mama aliuchukua ule mkono, akazirudisha punje moja moja kwenye kanga yake, hakuacha hata moja, kisha akamwelekeza kwa kidevu kwenye ardhi iliyokuwa bado haijachimbwa.

"Haya, chimba," alimwambia. Mbegu akanipa mimi.

Mama Mgeni alichimba mpaka jioni. Malengelenge yalipasuka, mpini ukaingia damu, hakuacha. Hakuna aliyempigia makofi.

Walipoaga kulikuwa na ngoma na hotuba. Baba Mgeni aliushukuru ukarimu wetu, akasema wameyaishi maisha yetu na hawatayasahau, na wanafurahi kwamba wametuachia elimu kidogo ya kuhifadhi chakula. Watu wakapiga makofi. Nilimkazia macho mkewe. Nilitaka asimame, aseme mbele ya mkutano kwamba si kweli, kwamba wao ndio waliofundishwa. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Baadaye alikuja peke yake alikosimama mama, akakunja magoti mpaka chini kama binti wa Kizigua, ingawa umri wao ulikuwa karibu sawa, akasema, "Shikamoo." Mama akaitikia, "Marahaba." Gari likaondoka. Waliyaishi maisha yetu, walisema. Wakati wa palizi, tulipochemsha mizizi ya porini na mdogo wangu akavimba tumbo, wao walikuwa wameshafika kwao.

Yale mahindi yaliwahi, kama kawaida yake. Tulipona.

Miaka mingi nimebeba hasira ile na kuielekeza kwa kila aliyestahili: wageni, mwenyekiti, serikali, na sehemu kidogo, nisiyopenda kuitaja, kwa mama. Niliona alinyamaza kwa woga, au kwa ile adabu yetu ya kumstahi mgeni mpaka tunajiumiza. Mama alipozeeka nilimleta kukaa nami hapa Masuguru. Siku moja tunachambua maharage uani, nikamuuliza waziwazi. Mama, siku ile ungemwambia. Kwa nini ulikula? Kwa nini ulinilazimisha nile?

Alinishangaa kweli kweli. Alikuwa amesahau kwamba kuna wageni katika kisa chenyewe.

"Nimwambie ili iweje?" alisema. "Yalikuwa yameshakuwa unga. Unga haurudi ukawa mbegu. Na nyie mlikuwa hamjala tangu jana yake." Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Mdogo wako alishiba siku ile. Alilala mchana. Nilikuwa nimesahau anavyolala akishiba."

Kumbe machozi yale nayo sikuyajua yote. Nusu ya maisha yangu nimeyahesabia upande wa hasara.

Sasa turudi mashineni. Nilipomaliza kumfokea yule binti wa Makuyuni, hakunijibu kwa jeuri. Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kanga, akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, najua ni mbegu. Nyumbani hakuna kingine."

Foleni yote ilikuwa inanisikiliza. Nilitamani ile mashine ingurume inifunike, lakini hata yenyewe ilikuwa imemaliza kusaga na kuzimwa. Nikaweka kapu langu chini. Unga wake ulikuwa tayari, wa moto, unanukia masizi. Nikamsaidia kujitwika ndoo.